Kupima antioksidanti na radikali huru kwa elektrodi: hatua kwa hatua

Ukitafuta habari za radikali huru kwa Kiswahili, usishangae kukutana na maneno "itikadi kali". Ni mashine ya kutafsiri iliyochanganya kemia na siasa. Radikali huru tunayoizungumzia hapa haina chama. Ni atomu au molekuli yenye elektroni moja isiyo na mwenzake, na kwa sababu hiyo hunyang'anya elektroni popote inapopita. Antioksidanti ni ile inayotoa elektroni yake mapema, kabla mafuta, protini au DNA havijanyang'anywa.

Kwa kuwa shughuli yote ni ya kutoa na kupokea elektroni, elektrodi ndiyo ya kuulizwa. Unaiwekea volti fulani, unaizamisha kwenye sampuli, na mkondo unaopita unakueleza ni elektroni ngapi zimetolewa na kwa urahisi gani. Sampuli ikiwa na rangi nzito au vumbivumbi, elektrodi haijali sana, tofauti na vipimo vya rangi ambavyo hukwama hapo.

Kabla ya kushika vifaa, iweke kichwani ngazi hii ya volti (pH 7, ikilinganishwa na elektrodi ya hidrojeni): radikali ya hidroksili ipo kwenye 2.31, radikali ya peroksili ya mafuta karibu 1.0, vitamini E 0.50, vitamini C 0.28. Aliye juu hunyang'anya aliye chini. Ndiyo maana vitamini C huweza kuirudishia vitamini E elektroni iliyopoteza. Kwenye grafu yako ya mkondo dhidi ya volti ngazi hiyo itajionyesha hivi: kadiri kilele kinavyotokea kwenye volti ndogo, ndivyo molekuli ilivyo nyepesi kutoa elektroni.

Jambo moja liwe wazi mapema. Elektrodi inapima uwezo wa kutoa elektroni ndani ya chombo chako, basi. Haijui kama molekuli hiyo itafyonzwa tumboni, wala kama itafika kwenye seli. Anayechukua namba ya maabara na kuandika "inazuia kuzeeka" ameiongezea maneno yake.

Vifaa

Unahitaji potenshostati, yaani kifaa kinachodhibiti volti na kusoma mkondo, pamoja na elektrodi tatu. Elektrodi ya kazi iwe ya kaboni kioo yenye kipenyo cha milimita 3. Elektrodi rejea iwe ya fedha na kloridi ya fedha. Elektrodi saidizi ni waya wa platini. Ongeza pipeti nzuri, mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu, mita ya pH, na unga wa alumina wa kung'arishia. Kama potenshostati huna, usifunge ukurasa. Kuna njia ya mita ya milivolti peke yake, nayo nitaifikia.

Hatua ya 1: Ng'arisha elektrodi, kisha ihoji

Hapa ndipo matokeo mengi huharibika, kwa hiyo sitaharakisha.

Weka matone machache ya maji safi yasiyo na ayoni juu ya kitambaa cha kung'arishia, nyunyiza alumina ya mikromita 0.3, kisha isugue elektrodi kwa kuchora namba nane. Ishike wima kabisa. Mkono ukilala upande mmoja, uso wa kaboni utalika mshazari, na eneo ulilodhani unalijua litakuwa limebadilika. Dakika mbili zinatosha. Suuza, rudia kwa alumina ya mikromita 0.05 kwenye kitambaa kingine, halafu suuza tena vizuri. Kama una chombo cha mitetemo, iweke dakika moja ndani ya maji ili punje za alumina zilizojificha zitoke. Uso uliokaa sawa huonekana mweusi unaong'aa kama kioo cha simu iliyozimwa, na tone la maji huteleza juu yake bila kuacha michirizi.

Macho hayatoshi. Tengeneza myeyusho wa ferisianidi ya potasiamu wa milimoli 1 kwa lita (miligramu 32.9 katika mililita 100) ndani ya kloridi ya potasiamu ya moli 1 kwa lita. Izamishe elektrodi, kisha ifagie volti kutoka 0.6 kwenda −0.2 na kurudi, kwa kasi ya milivolti 100 kwa sekunde. Nasema "kufagia" kwa sababu ndicho kinachofanyika: volti inapita kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kila molekuli iliyo tayari inaitikia zamu yake ikifika. Mtindo huu huitwa voltametria ya mzunguko.

Utapata vilele viwili, kimoja cha kwenda na kimoja cha kurudi. Pima umbali kati yao. Kinadharia ni milivolti 59 kwa elektroni moja, na mezani mimi naridhika na chochote chini ya 80. Ikipita 100, rudi kwenye kitambaa. Urefu wa kilele nao una la kusema: kwa kaboni ya milimita 3, ukolezi huo na kasi hiyo, mlinganyo wa Randles na Ševčík unatoa karibu mikroampea 16 hadi 17. Ukipata 9, ama sehemu ya uso imeziba au kuna kiputo cha hewa kimekaa chini ya elektrodi. Igonge kidogo kwa kidole kabla ya kuanza kulaumu kemikali.

Tahadhari moja isiyo na mzaha: usimwage asidi kali kwenye mabaki ya ferisianidi, kwa sababu inaweza kutoa gesi ya sianidi. Yawe na chupa yake.

Hatua ya 2: Bafa na kipimo kitupu

Bafa ni myeyusho unaoshikilia pH isiyumbe. Kwa bafa ya fosfeti ya pH 7.0, changanya mililita 61.5 za K₂HPO₄ ya moli 1 na mililita 38.5 za KH₂PO₄ ya moli 1, weka gramu 7.46 za kloridi ya potasiamu, kisha jaza maji hadi lita moja. Hakikisha kwa mita ya pH.

Nasisitiza pH kwa sababu ndiyo inayowachanganya wengi wanapolinganisha matokeo. Polifenoli nyingi (antioksidanti za mimea) zinapotoa elektroni huachia na protoni, idadi sawa kwa sawa. Matokeo yake, kilele husogea milivolti 59 kwa kila pH moja. Molekuli ileile ikipimwa kwenye pH 4 itaonekana "dhaifu" kwa karibu milivolti 177 kuliko ilipopimwa kwenye pH 7. Haijadhoofika, umebadilisha uwanja tu. Anayekuletea jedwali la volti bila pH hajakuletea kitu.

Pitisha naitrojeni kwenye bafa kwa dakika 10, acha itulie, kisha ifagie ikiwa tupu kutoka −0.1 hadi 0.8 na kurudi. Hifadhi grafu hiyo. Mkondo unaouona hapo ni wa uso wa elektrodi kujichaji, na utautoa kwenye kila kipimo kitakachofuata. Ukiona nundu kwenye bafa tupu, chombo ni kichafu. Sabuni ya kuoshea vyombo ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza.

Hatua ya 3: Vipimo sanifu

Asidi galiki ni sanifu nzuri, yaani kitu cha kulinganishia, kwa dondoo za mimea. Pima miligramu 17.0, yeyusha katika mililita 10 za ethanoli, nawe una milimoli 10 kwa lita. Kutoka hapo tengeneza ndani ya bafa mikromoli 20, 50, 100, 200 na 400 kwa lita. Ifagie kila moja, toa mkondo wa bafa tupu, kisha chora urefu wa kilele dhidi ya ukolezi. Mstari unapaswa kunyooka. Ukianza kuinama juu, achana na ukolezi mkubwa na ubaki pale uliponyooka.

Kati ya fagio moja na nyingine, ng'arisha upya. Najua inachosha. Lakini fenoli zinapotoa elektroni hugeuka na kushikana zenyewe kwa zenyewe, zikaacha utando juu ya kaboni. Fanya jaribio hili mara moja tu ili uamini: fagia myeyusho uleule mara tano bila kung'arisha. Kilele cha pili kitakuwa kifupi kuliko cha kwanza, na kufikia cha tano utadhani umebadilisha sampuli. Kwa hiyo tunasoma mzunguko wa kwanza peke yake.

Vitamini C ina ujanja wake, na mimi ulinigharimu siku nzima. Nilitengeneza vipimo sanifu asubuhi ndani ya bafa ya pH 7, nikapumzika, nikarudi mchana. Kila namba ikawa imeshuka. Nikang'arisha elektrodi mpaka kitambaa kikatoboka, hali ikabaki ileile. Kosa halikuwa la elektrodi. Bafa za fosfeti huwa na chembechembe za shaba na chuma, na metali hizo huharakisha oksijeni kuimaliza vitamini C. Siku hizi myeyusho mama nautengeneza ndani ya maji yenye asidi kidogo, naufunika na foili usipate mwanga, na kuingiza tone kwenye bafa dakika ileile ninayopima.

Hatua ya 4: Sampuli

Chuja au zungusha kwenye mashinepewa (sentrifuji) ili mashapo yatuame. Punguza makali kwa bafa mara 10 kwanza. Ikionekana dhaifu, baadaye usiipunguze makali kiasi hicho. Zamisha elektrodi, subiri sekunde 10 bila kukoroga, fagia kama ulivyofanya kwa sanifu, bila kubadilisha kasi wala mipaka. Rudia mara tatu, na kila mara uso uwe mpya.

Dondoo halisi mara chache hukupa kilele kimoja kizuri. Mara nyingi ni vilima vilivyobebana. Hapo hamia kwenye voltametria ya mipigo: volti inapanda kwa hatua ndogo, milivolti 5 hivi, na kila hatua ina mpigo wa milivolti 50. Mkondo wa kujichaji unapungua na vilele vinachongoka, kwa hiyo vilivyokuwa vimekumbatiana huachana. Si vyote, lakini. Vitamini C na asidi yuriki, ambazo damu inazo zote mbili, hupendana sana kwenye kaboni tupu, na anayezipima pamoja huhitaji elektrodi iliyopakwa kitu cha kuzitenganisha.

Hatua ya 5: Kusoma grafu

Grafu moja ina habari tatu. Mahali kilele kilipo panakueleza wepesi wa kutoa elektroni. Urefu wake unakueleza wingi. Na eneo chini ya mstari, yaani chaji, linajumlisha wote wanaotoa elektroni hadi volti uliyochagua. Kwa sampuli yenye mchanganyiko mimi huliamini eneo kuliko urefu, kwani vilima vilivyobebana havina urefu wa haki. Wengi husimama kwenye milivolti 500, kwa hoja kwamba anayetoa elektroni kabla ya hapo ndiye antioksidanti mwenye nguvu. Popote utakaposimama, andika.

Angalia pia kilele cha kurudi. Kikiwepo, molekuli imetoa elektroni na inaweza kuipokea tena, kama asidi kafeiki. Kisipokuwepo, kama kwa vitamini C, kilichotokea baada ya kutoa kimegeuka kitu kingine upesi na hakirudi.

Njia ya mita ya milivolti

Hii ndiyo ninayompa mgeni yeyote wa maabara, kwa kuwa inataka mita ya pH yenye sehemu ya milivolti, elektrodi ya platini na elektrodi rejea tu.

Wazo lenyewe: changanya ferisianidi nyingi na ferosianidi kidogo. Platini inasoma uwiano wa hizo mbili kwa mlinganyo wa Nernst. Ukitia sampuli, antioksidanti zinageuza sehemu ya ferisianidi kuwa ferosianidi, uwiano unabadilika, na milivolti zinashuka.

Ndani ya bafa ya pH 7, tengeneza mililita 100 zenye miligramu 329 za ferisianidi ya potasiamu. Ferosianidi inayohitajika ni miligramu 4 tu, ambayo mizani itakudanganya, kwa hiyo yeyusha miligramu 422 za ile yenye maji matatu katika mililita 100 pembeni na uchukue mililita 1 ya huo kabla ya kujaza bafa hadi alama. Mililita 10 za mchanganyiko huu zina mikromoli 100 za ferisianidi na mikromoli 1 ya ferosianidi.

Mimina mililita 10 hizo kwenye bika, koroga polepole, zamisha elektrodi, subiri hadi mita isicheze zaidi ya milivolti 1 kwa dakika. Andika. Tia mililita 0.5 za sampuli, subiri itulie, andika tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo yote unayohitaji.

Tuseme imeshuka milivolti 40 kwenye nyuzijoto 25. Gawa 40 kwa 59.2, upate 0.676. Kumi ikipewa kipeo cha hasi 0.676 ni 0.211. Zidisha kwa uwiano wa mwanzo, 100, upate 21.1, huo ndio uwiano mpya. Sasa toa: 100 kasoro 21.1 ni 78.9. Gawa kwa 1 + 21.1, yaani 22.1. Jibu ni mikromoli 3.57 za elektroni, zilizotoka kwenye mililita 0.5, ambayo ni milimoli 7.1 kwa lita. Umeona ninavyohesabu kwa mikromoli wala si kwa ukolezi? Uwiano haubadiliki unapoongeza ujazo, kwa hiyo suala la kupunguza makali linajifuta lenyewe.

Usiamini hesabu kabla ya kuijaribu kwa kitu unachokijua. Yeyusha miligramu 70.4 za vitamini C katika mililita 100, utie mililita 0.5. Hizo ni mikromoli 2, na kila molekuli hutoa elektroni mbili, jumla 4. Mita inapaswa kushuka karibu milivolti 42. Ikishuka 30, vitamini yako ni kuukuu au platini ni chafu. Tia pia mililita 0.5 za kiyeyushi kitupu. Isishuke karibu chochote.

Vitamini C hujibu mara moja. Polifenoli nyingine huvuta miguu, na mita inaendelea kushuka taratibu huku wewe unasubiri. Chagua dakika, kwa mfano 10, na usome hapohapo kwa sampuli zote.

Radikali zenyewe

Hadi hapa tumepima anayetoa. Kumpima mnyang'anyi ni kazi nyingine, kwani radikali ya hidroksili huishi nanosekunde chache tu na haikusubiri ufagie volti.

Supaoksidi, yaani oksijeni iliyopokea elektroni moja, ndiyo rahisi kuizalisha. Kwenye maji hupotea upesi, hivyo tunahamia kiyeyushi kikavu kiitwacho DMSO chenye chumvi ya tetrabutilamonia ya moli 0.1 kwa lita. Vaa glavu, kwa sababu DMSO hupenya ngozi pamoja na kilichoyeyushwa ndani yake. Pitisha naitrojeni na ufagie kutoka 0 hadi −1.2, mstari uwe bapa. Kisha pitisha oksijeni dakika 10 na ufagie tena. Kilele cha kwenda, karibu −0.8 kutegemea elektrodi rejea, ni oksijeni ikipokea elektroni na kuwa supaoksidi. Kilele cha kurudi ni supaoksidi iliyobaki ikirudisha. Ongeza antioksidanti kidogo kidogo: kilele cha kurudi kitapungua kadiri supaoksidi inavyoliwa. Chora asilimia ya kupungua dhidi ya ukolezi, na usome ukolezi unaokifikisha nusu.

Kuna mtego. Supaoksidi hupenda protoni kama inavyopenda elektroni, kwa hiyo asidi yoyote itakipunguza kilele hicho hata kama si antioksidanti. Jaribu asidi benzoiki uone. Ukiiweka kando ya sampuli zako kama shahidi, utajua ni sehemu gani ya matokeo inaletwa na asidi tu.

Hidroksili hunaswa kwa chambo. Chumvi ya chuma na peroksidi ya hidrojeni huizalisha, asidi salisiliki huidaka, na kinachotokea ni asidi dihidroksibenzoiki, ambayo hutoa elektroni kwenye volti ndogo kuliko chambo chenyewe. Unapima hicho. Angalia tu kwamba sampuli yako haina kilele mahali palepale, na kwamba haikirudishi chuma kwenye hali yake ya mwanzo. Vitamini C hufanya hivyo, na badala ya kuzima moto huuchochea.

DPPH, ile radikali ya zambarau inayodumu chupani, nayo hupimika kwa elektrodi: fuatilia kilele chake kikipungua ndani ya ethanoli na bafa. Inafaa kwa sampuli zenye rangi inayoficha zambarau. Zaidi ya hapo haina jipya.

Unapoandika matokeo, weka jina la sanifu, pH, aina ya elektrodi, elektrodi rejea, kasi ya kufagia na dakika ya kusoma. Na kabla ya kuzima mashine, pima tena sanifu ya katikati uliyoanza nayo asubuhi. Ikiwa imeshuka zaidi ya asilimia 5, sampuli za siku hiyo zirudiwe, kuanzia kwenye kitambaa cha alumina.